Pale Palipoitwa kwa Asteria

Mwalimu Skolastika alistaafu mwezi wa sita, na kufikia mwezi wa nane alikuwa amekwishachoka kukaa nyumbani. Kwa miaka thelathini na moja alifundisha Kiswahili katika shule moja ya msingi pale Mwandiga, akiamka saa kumi na moja alfajiri, na sasa mwili uliendelea kuamka saa ile ile bila kuwa na pa kwenda. Mumewe alikwishafariki. Binti yake wa pekee alikuwa Dodoma na kazi yake na watoto wake. Kwa hiyo siku mwenyekiti wa kamati ya maendeleo alipokuja kumtembelea na soda mbili kwenye mfuko wa karatasi, Skolastika alifurahi kuliko alivyotaka kuonyesha.

Mwenyekiti huyo aliitwa Castory. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na katika mji ambao kila wiki mtu anaanza msingi, duka kama hilo humfanya mtu ajulikane.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwenyekiti. Karibu kiti."

"Mwalimu, tunataka kijitabu. Kurasa kumi na mbili, na picha za rangi. Historia ya Mwandiga na vivutio vyake. Mwezi wa kumi na moja tutakuwa na sherehe, watakuja wageni. Mji unakua, lakini ukimuuliza mtu wa nje Mwandiga kuna nini, atakwambia kuna njia panda."

"Si ndivyo ilivyo?"

Castory alicheka hadi soda ikampalia. "Ndiyo maana tunakuhitaji wewe. Wageni wanashuka uwanja wa ndege, wanapelekwa Ujiji kwenye makumbusho, wanapandishwa boti kwenda Gombe kuona sokwe. Huku kwetu haji mtu. Utuandikie kitu kitakachomfanya hata mmoja ageuze gari."

Kesho yake Skolastika alinunua kaunta buku na kalamu mbili, akaanza kuuzunguka mji aliodhani anaujua. Aliandika habari za soko: mawese kwenye madumu ya njano, samaki wa migebuka waliokaushwa na kupangwa kama kuni, kahawa ya Kalinzi, ndizi zinazoteremka kutoka Manyovu mpakani. Aliandika habari za vinu vya kukamulia mawese, na ule moshi wake mzito unaong'ang'ania kwenye nguo. Alipanda kilima cha nyuma ya shule asubuhi isiyo na ukungu, akaliona Ziwa Tanganyika limetandaa kule chini na milima ya Kongo ng'ambo yake, akaandika kwamba mtu hawezi kuondoka Mwandiga bila kuona jambo hili. Aliandika pia, ingawa hakuwa na hakika kama ni kivutio, jinsi mabati ya bluu na ya kijani yalivyokuwa yakipanda juu kila mwaka. Watu waliofanya kazi Kigoma mjini walikuja kujenga huku kwa sababu viwanja vilikuwa rahisi. Palipokuwa na michikichi na mihogo sasa palikuwa na mawe ya mipaka yaliyopakwa chokaa.

Vivutio vilimpa kurasa sita bila shida. Historia ndiyo iliyomkwamisha.

Kwa kuwa soko ndilo lililouzaa mji, alitaka kujua nani alianza kuuza pale njia panda. Castory alimwambia ni marehemu baba yake, mzee Nikodemu, aliyejenga duka la kwanza la bati mwaka 1988. Lakini Skolastika alikuwa mwalimu, na mwalimu hupenda kusikia jibu moja kutoka kwa watu wawili. Akaenda kwa mzee Telesphory.

Mzee huyu alikuwa utingo wa malori ya kahawa tangu ujana hadi magoti yalipomkatalia. Sasa alikaa siku nzima kwenye kijiwe cha kahawa nyuma ya soko, mwenye maneno mengi na wasikilizaji wachache. Skolastika alipomfungulia daftari, uso wake ulichangamka.

"Nikodemu?" alisema. "Nikodemu alikuja akakuta watu wanakula. Sisi tuliokuwa kwenye malori hatukusema tunasimama Mwandiga. Tulisema tunasimama kwa Asteria. Dereva akitoka Kigoma, akiulizwa utakula wapi, anasema kwa Asteria. Mama wa Kirundi, mfupi, ana kibanda cha makuti pale pale kona. Alikuwa na ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese, wewe mwalimu, ukila huo unasahau kwako. Wengine wakaona magari yanasimama, wakaleta ndizi, wakaleta dagaa. Ndiyo soko hilo. Andika."

Skolastika hakuandika. Kalamu ilikuwa mkononi, na mkono ulikuwa juu ya karatasi, lakini hakuandika.

"Sijui walimpeleka wapi," Telesphory aliendelea. "Msako ule wa mwaka tisini na saba. Walimchukua na watoto wake. Wewe hukuwepo bado, eti?"

"Nilikuwepo," alisema Skolastika, akaaga.

Alikuwepo, naye alikuwa mtu wa Asteria. Alipofika Mwandiga mwaka 1993 akiwa mwalimu mgeni, jirani yake wa kwanza alikuwa mwanamke huyo ambaye cheti chake cha ubatizo kilisema Astérie na ambaye kila mtu alimwita Asteria. Aliletwa kutoka Burundi mgongoni mwa kaka yake mwaka 1972, akiwa na miaka saba. Alikua hapo, akazaa hapo, na Kiha chake hakikutofautiana na cha mtu yeyote wa Mwandiga. Skolastika alipojifungua binti yake, mama yake mzazi alikuwa mgonjwa na hakuweza kuja, kwa hiyo Asteria ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto, siku arobaini, asubuhi na jioni, bila kuombwa.

Wiki mbili baada ya siku hizo arobaini, watu wa msako walifika. Amri ilikuwa kwamba Warundi wote wanaoishi vijijini wapelekwe kambini, waliokuja jana na waliokuja miaka ishirini na mitano iliyopita. Lori lilisimama njia panda. Mkuu wa shule alikuwa mjini siku hiyo, hivyo mkubwa wa msafara alimwita Skolastika kutoka darasani.

"Mwalimu, wewe ni mtumishi, hutatudanganya. Huyu mama anasema yuko hapa tangu alipokuwa mtoto. Kama kuna mtu wa kumthibitisha, tutamwandika pembeni, mambo yake yaangaliwe. Unamfahamu?"

Asteria alimtazama. Alikuwa amemshika mkono binti yake Ella, wa miaka kumi na miwili. Hakusihi. Alisubiri tu, kama mtu anayesubiri kitu ambacho hakina shaka.

Skolastika alikuwa na jambo alilokuwa hajamwambia mtu pale Mwandiga. Mama yake mwenyewe alizaliwa Mabanda, Burundi, ng'ambo ya mpaka, akaolewa Kasulu. Alipoulizwa swali lile, alichokisikia yeye kilikuwa swali jingine: na wewe, mama yako ni wa wapi?

"Mimi ni mgeni hapa," alisema. "Nimehamishiwa juzi juzi."

Mkubwa wa msafara alitikisa kichwa, akaendelea na mwingine. Asteria hakumtukana. Alipokuwa akipanda lori aligeuka akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, Barutwanayo yuko darasani kwako."

Mtoto wake wa pili. Alikuwa darasa la pili, dawati la tatu kutoka mlangoni. Skolastika alirudi darasani, akamkuta anachora mistari kwenye daftari kwa rula ya mti. Hakumwambia kitu. Hakujua amwambie nini. Kengele ya saa sita ilipolia, watoto walitoka mbio, na Barutwanayo akatoka nao. Kesho yake dawati lilikuwa wazi, na Skolastika alijiambia kwamba atakuwa amewafuata wenzake. Alijiambia hivyo kwa miaka ishirini na saba.

Siku tatu baada ya kuzungumza na Telesphory, aliketi mezani akaandika yote: kibanda cha makuti, malori, msako, na jibu alilotoa yeye mwenyewe. Zilikuwa kurasa nne, akazimaliza machozi yakimtoka, na alipomaliza alihisi kitu kama wepesi. Akaamua kwamba ndivyo kijitabu kitakavyochapishwa. Akaamua pia kuwatafuta watoto. Aliwauliza wanawake wa sokoni kama kuna anayejua Asteria aliishia wapi. Alimpigia mtoto wa shangazi yake aliyewahi kufanya kazi kambini. Alirudi kwa Telesphory mara mbili. Kwa muda wa wiki moja, jina ambalo lilikuwa halijasikika Mwandiga kwa miaka mingi lilikuwa midomoni mwa watu wote.

Castory alizisoma kurasa zile akiwa amesimama dukani, miwani puani.

"Mwalimu, hiki ni kijitabu cha wageni."

"Ni historia. Ndiyo uliyoniomba."

"Baba yangu aliweka bati la kwanza. Hilo nalo ni kweli."

"Ni kweli. Nimeliandika. Lipo ukurasa wa pili."

Castory hakuwa mtu mbaya. Alizikunja karatasi vizuri, akamrudishia. "Acha niongee na wenzangu," alisema.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, fundi baiskeli alisimama mlangoni kwa Skolastika. Jina lake Bariki, mtu wa miaka thelathini na mitano hivi, mpole, mwenye karakana ndogo kando ya soko. Skolastika alikuwa akimpelekea baiskeli yake tangu alipofungua pale, miaka sita sasa. Siku hiyo hakuwa na spana wala tyubu mkononi.

"Mwakeye, mwalimu," aliamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, baba. Baiskeli iko salama, mbona?"

"Sikuja kwa baiskeli." Alikataa kiti. "Nasikia unamtafuta Asteria na watoto wake."

"Ego, ndiyo. Kuna unayemfahamu?"

"Mama alifariki kambini mwaka 2001, kwa kifua. Ella alirudi Burundi, ameolewa Makamba, ana watoto wanne." Aliitazama baiskeli iliyoegemea ukuta. "Na yule mvulana umekuwa ukimletea baiskeli miaka sita."

Skolastika alimtazama usoni, akamwona. Akashangaa aliwezaje kutomwona.

"Barutwanayo," alisema.

"Usilitamke, mwalimu. Watoto wangu hawalijui."

Alimweleza kwa maneno machache, macho yake yakiwa sakafuni. Siku ile alipotoka shule alikuta kibanda kitupu na chungu kiko jikoni kinaungua. Alikaa pale hadi jioni. Mkulima mmoja wa Simbo, mzee Elia, aliyekuwa ameleta mihogo sokoni, alimkuta analia, akampakia kwenye baiskeli. Elia na mkewe hawakuwa wamejaliwa mtoto. Wakamwita Bariki. Alisoma Simbo, akaoa Simbo, na kitambulisho chake kilisema alizaliwa Simbo, baba Elia.

"Mzee alikwishafariki," alisema. "Hakuna wa kunisemea. Na wewe unazunguka sokoni ukiuliza."

"Nilitaka jina la mama yako liandikwe."

"Liandikwe kwa ajili ya nani?"

Skolastika alisema lile lililokuwa likimkaba: "Bariki, siku ile mimi waliniuliza. Nilisema ni mgeni."

"Najua. Mama alimwambia Ella, na Ella aliponipata Simbo aliniambia mimi."

"Unajua? Na miaka yote hii unanitengenezea baiskeli? Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ili iweje?" Hakusema kwa hasira. "Mwalimu, nilirudi hapa kwa sababu hapa ndipo nilipokuwa na mama. Sikurudi kudai neno. Naomba tu uache."

Aliahidi. Bariki alipoondoka alizichana zile kurasa nne kwenye daftari, akazitia jikoni chini ya sufuria ya maharage, akasimama hadi zikawa majivu. Jumatatu alimwambia Castory kwamba amekosea, kwamba kumbukumbu za mzee Telesphory haziaminiki, na historia ianze na mzee Nikodemu. Ilimbidi aseme uongo wa pili ili kumlinda mtoto wa mtu ambaye yeye alimwangamiza kwa uongo wa kwanza. Castory alifurahi, akamkabidhi pakiti ya sukari kwa ajili ya chai.

Angekuwa ameuliza watu wawili tu, pengine mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa amemwasha Telesphory. Mzee yule, baada ya miaka mingi ya kutosikilizwa, alikuwa amepata habari ambayo watu walivuta vigoda kuisikia. Alimsimulia Asteria kila siku: alivyokuwa mfupi, alivyokuwa na mwanya, taya lake. Na asubuhi moja, Bariki akipita na gurudumu begani, mzee alipiga goti lake kwa furaha.

"Ndilo taya lenyewe! Mtazameni fundi. Huyu si mtoto wa Asteria huyu?"

Hakukusudia ubaya. Alifurahi kama mtu aliyeokota kitu kilichopotea. Kijiweni walicheka, Bariki naye akacheka, akapita. Lakini Mwandiga ya leo si ile ya kibanda kimoja. Kuna watu wanaotaka eneo la karakana kando ya soko, na kuna wengine wanaopeleka maneno bila kutaka lolote. Nani aliyeyapeleka, haikujulikana hata baadaye. Mwezi wa tisa, kabla ya katikati, barua ya wito ilifika: Bariki Elia aripoti ofisi ya uhamiaji mjini, na vielelezo vya uraia.

Aliyeleta habari hiyo kwa Skolastika ni Esther, mke wa Bariki. Alisimama uani na mtoto mgongoni, hakuamkia.

"Mwalimu, umeridhika?"

"Mama, ingia ndani tuongee."

"Miaka kumi na mmoja nimelala na mtu, sikujua jina alilopewa na mama yake. Nimelijua jana, kwa sababu ya kitabu chako." Akageuka, akaenda.

Siku hiyo Skolastika hakula. Alikaa akijiuliza kama kuna namna ya mtu kufanya kitu bila kuumiza, au kama yeye ndiye aliyeumbwa hivi. Saa kumi alivaa viatu, akaenda karakanani. Bariki alikuwa anaziba pancha, mikono ndani ya beseni la maji.

"Nitakwenda nawe," alisema.

"Kufanya nini?"

"Kusema. Niambie niseme nini, nitasema hicho hicho. Ukitaka niseme ulizaliwa Simbo na nilikuona ukiwa mchanga, nitaapa. Ukitaka ukweli, nitasema ukweli. Ukitaka nikae kimya, nitakaa kimya. Safari hii uamue wewe."

Bariki aliendelea kuizungusha tyubu ndani ya maji hadi mapovu yakatokea, akaliwekea kidole tundu.

"Elia alinilea vizuri," alisema mwishowe. "Lakini nimechoka kuwa mtoto wa Elia mchana na mtoto wa Asteria usingizini. Sema ukweli. Wakinifukuza, wanifukuze mimi mwenyewe."

Walikwenda Jumatano. Ofisi ilikuwa na benchi moja nje na watu wengi. Walipoitwa, walimkuta afisa kijana, mwenye adabu, ambaye alimpa Skolastika kiti kabla ya kukaa yeye mwenyewe. Alimsikiliza Bariki kwanza, akiandika. Kisha akamgeukia Skolastika.

"Mama, wewe ni nani kwake?"

"Nilikuwa mwalimu wake darasa la pili. Mama yake nilimfahamu. Aliletwa hapa akiwa na miaka saba. Mtoto huyu alizaliwa Mwandiga, mwaka themanini na tisa, kabla sijafika, lakini waliomzalisha mama yake wapo na majina yao ninayo. Mwaka tisini na saba niliulizwa kama namfahamu huyo mama. Nilikuwa nikimfahamu kama dada yangu. Nilisema simfahamu."

Kijana aliinua macho. "Kwa nini?"

"Kwa sababu mama yangu mimi alizaliwa Mabanda."

"Mama, hilo sikukuuliza."

"Najua. Andika tu."

Kijana akaandika. Nje magari yalipiga honi. Bariki alikuwa akitazama mikono yake, yenye grisi ambayo hata sabuni ya unga haikuwa imeitoa kwenye kucha.

Hawakumfukuza. Hawakumwachia pia. Kitambulisho chake kilizuiwa hadi suala lake liamuliwe, akapewa karatasi yenye mhuri na kuelezwa namna ya kuwasilisha maombi. Mpaka hapo, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi aende kuripoti, na asisafiri nje ya wilaya bila ruhusa. Kuhusu mama yake Skolastika, hakuna aliyemwita wala kumuuliza kitu. Hofu aliyoibeba tangu utoto, ambayo kwa ajili yake alimuuza rafiki yake, ilikuwa sasa imeandikwa mstari mmoja kwenye faili, na faili limewekwa juu ya mengine. Njiani kurudi alijikuta anataka kulia kwa jambo hilo kuliko kwa mengine yote.

Sasa kwa kuwa siri haikuwa siri tena, alimuuliza Bariki kama anaweza kulirudisha jina la mama yake kwenye kijitabu. Bariki alisema asubiri. Suala likiisha, ndipo. Hata hivyo Skolastika alikwenda kwa Castory kumwomba angalau waache nafasi.

"Mwalimu, kimekwishakwenda kuchapishwa," Castory alisema, akiwa hamtazami. "Na baada ya maneno haya ya fundi, wenzangu hawataki kulisikia jina hilo. Si mimi. Wenzangu."

"Basi ondoeni jina langu kama mwandishi."

"Acha unyenyekevu. Umefanya kazi kubwa."

Kijitabu kilizinduliwa mwezi wa kumi na moja, chini ya turubai, na muziki, na hotuba tatu. Karatasi zilikuwa za kung'aa. Picha ya ziwa kutoka kilimani ilipendeza kweli. Watu waliozaliwa Mwandiga walimuuliza Skolastika picha hiyo ilipigwa wapi. Ukurasa wa tatu ulisema soko lilianzishwa na marehemu mzee Nikodemu, na chini kwenye jalada jina la Skolastika lilikuwa kwa herufi nzito. Alipewa kanga na kupigiwa makofi. Telesphory, ambaye hakualikwa, alisimama nyuma na kumuuliza kila aliyepita kama kitabu kimemtaja Asteria. Hakujua hata wakati huo alichokuwa amekifanya, na hakuna aliyemwambia.

Jumatatu ya mwezi wa kumi, na ile ya mwezi wa kumi na moja, Skolastika alikwenda mjini na Bariki. Hawakuzungumza mengi. Walikaa kwenye lile benchi, jina likaitwa, mhuri ukagongwa, wakarudi. Mara ya pili Bariki alimnunulia karanga. Wateja karakanani walikuwa wamepungua. Wengine waliona haya, wengine waliogopa, na vijana wawili wa bodaboda walianza kumwita Mrundi mbele ya watoto wake, kwa utani, walisema. Hata hivyo hakufunga. Esther alipokutana na Skolastika sokoni alitazama pembeni, na Skolastika hakumlazimisha.

Jumatatu ya Desemba alivaa mapema, akachukua mwavuli kwa sababu mvua zilikuwa zimekolea, na alipofika karakanani alimkuta Esther amesimama pale na gauni la kanisani.

"Mwalimu," alisema Bariki, "leo usije. Nitakwenda na mke wangu."

"Sawa, baba. Nendeni salama."

Alirudi nyumbani. Alivua gauni zuri, akafua mapazia ambayo hayakuwa machafu, akayatundika barazani kuyakinga na mvua, akakaa kwenye kigoda akiyatazama yakichuruzika maji. Saa nane mchana aliwaona wanashuka njia panda, wanatembea kwenye tope, Esther mbele. Esther alipita mbele ya nyumba bila kugeuza shingo. Bariki alisimama kidogo kwenye ua wa michongoma.

"Wamesema turudi Januari," alisema.

"Haya," alisema Skolastika. "Viatu vyako vimelowa. Kawahi nyumbani."

Bariki alikubali kwa kichwa, akaharakisha kumfikia mkewe.